Tango la Chicoutimi: Habari za Georges Vézina, Mlinda Lango

Leo Dandurand, mmoja wa matajiri watatu waliokuwa wakiimiliki timu ya Montreal Canadiens katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita, alikuwa na hadithi aliyopenda kuwasimulia waandishi wa magazeti juu ya mlinda lango wake. Alisema kwamba Georges Vézina hakujua hata neno moja la Kiingereza, na kwamba Mwenyezi Mungu alikuwa amemruzuku watoto 22, miongoni mwao wakiwamo mapacha wa watatu watatu mara tatu, na wote hao walizaliwa katika muda wa miaka 9. Waandishi waliandika, wasomaji wakastaajabu, na hadithi ikasafiri kutoka kalamu hadi kalamu kwa miaka mingi baada ya mwenyewe kulazwa kaburini. Kweli ni kwamba Vézina alioa mwaka 1908, akazaa na mkewe watoto wawili, wote wa kiume.

Jambo hili lafaa kutangulizwa, kwa sababu mtu mkimya hupatwa na hasara ambayo mwenye maneno mengi haijui: maisha yake husimuliwa na wengine, na kila msimulizi huongeza chumvi kwa kadiri ya ulimi wake. Vézina alikuwa mkimya kwa tabia na mkimya kwa kazi. Kwa tabia, alikuwa mtu wa mji mdogo wa kaskazini, mwenye staha na haya, ambaye msimu wa mchezo ukiisha alirudi kwao akaendelea na shughuli zake; kwa kazi, alikuwa mlinda lango, yaani mtu pekee katika timu ambaye halikimbilii jambo bali hulingoja limjie. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya chake ulikuwa huu: kwa miaka 15, tangu alipoingia langoni mara ya kwanza hadi ugonjwa ulipomtoa, hakukosa mchezo hata mmoja. Katika makala haya nakusudia kuitenga habari na ngano, nipate kuonyesha kwamba mtu huyu hakuwa na haja ya watoto 22 ili akumbukwe.

Msomaji wa pwani, ambaye aghalabu barafu aijua ndani ya bilauri, ataniwia radhi nikimweleza kwanza mchezo wenyewe. Hoki ya barafuni ni ndugu ya mpira wa magongo tuuonao katika viwanja vya nyasi, lakini wachezaji wake huvaa viatu vyenye ulimi wa chuma chini ya soli, wakateleza juu ya sakafu ya barafu kwa kasi ishindayo mbio za miguu. Na badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani cha mpira mgumu, upana wake kama sentimita 7.6 na unene wake kama sentimita 2.5, ambacho kikipigwa na mtu hodari huenda kama jiwe lililotoka katika kombeo. Lango lina upana wa futi 6 na kimo cha futi 4. Mchezo wa kwanza wa ndani ya jengo unaotajwa katika tarehe ulichezwa mjini Montreal, tarehe 3 Machi 1875; mwaka 1892 Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, alitoa kikombe cha fedha kishindaniwe na timu za nchi ile, na mwaka uliofuata kikapata mshindi wake wa kwanza. Wakati huo ulikuwa mchezo wa waungwana wasiopokea ujira. Lakini watu walipoanza kulipa kiingilio ili kutazama, haukupita muda ila wachezaji nao wakataka sehemu yao, na kabla ya muongo wa kwanza wa karne ya 20 kwisha, hoki ilikuwa kazi ya mshahara.

Vézina alizaliwa tarehe 21 Januari 1887 katika mji wa Chicoutimi, jimbo la Quebec, ukingoni mwa mto Saguenay, ambao maji yake humiminika katika mto mkubwa wa Saint Lawrence. Jina la mji latokana na lugha ya Wainnu, wenyeji wa asili wa nchi ile, na maana yake ni mahali kina cha maji kinapokomea. Ulikuwa mji wa magogo na wa viwanda vya kusaga miti iwe rojo la kutengenezea karatasi, mji wa watu wasemao Kifaransa na kushika dini ya Katoliki, na reli iliufikia mwaka 1893, mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka 6. Baba yake alikuwa mwoka mikate, naye alikuwa kitinda mimba katika watoto 8. Alisoma katika seminari ndogo ya mji, kisha akaacha masomo angali kijana ili amsaidie mzee wake katika kazi ya tanuri. Hivyo twaweza kusema kwamba maisha yake yalizungukwa na ngano za namna mbili: ile ya unga aliyoikuta nyumbani, na ile ya masimulizi aliyoachiwa na wenye magazeti.

Katika ujana wake huo pana jambo moja la kweli ambalo lafanana na uongo kuliko uongo wenyewe. Vijana wenzake walipokuwa wakiteleza juu ya barafu, yeye alisimama langoni kwa viatu vyake vya kawaida vya kutembelea, kwa sababu aliona kwamba kazi ya kulinda haidai mwendo bali uthabiti. Hakujizoeza viatu vya chuma ila alipokwisha kuwa kijana mkubwa, katika timu ya mji wake. Mchezaji mwingine angeuona upungufu huo kuwa aibu. Kwake ulikuwa chuo: asiyeweza kurukia huku na huku hulazimika kujua mapema kisahani kitapita wapi, naye hujifunza kumtazama mpigaji mabega na mikono kabla hajapiga, kama vile nahodha mzoefu atazamavyo rangi ya maji kabla ya kufika mwambani.

Montreal Canadiens iliundwa tarehe 4 Desemba 1909, makusudi iwe timu ya watu wasemao Kifaransa katika mji ambao Waingereza na Wafaransa waliishi pamoja lakini kila kabila lilikuwa na shule zake, makanisa yake na michezo yake. Katika msimu huo wa kwanza, tarehe 17 Februari 1910, timu hiyo ya watu wa mshahara ilikwenda Chicoutimi kucheza mchezo wa kirafiki na vijana wa mji, ambao hawakulipwa kitu. Hapana aliyetazamia ila wageni washinde kwa mabao mengi. Wenyeji ndio walioshinda. Katika lango la pili la uwanja ule alikuwa amesimama Joseph Cattarinich, mlinda lango wa Canadiens, na yasemwa kwamba yeye ndiye aliyerudi Montreal akiwasihi wakubwa wake wamwite kijana yule wa Chicoutimi. Maana ya shauri hilo Cattarinich mwenyewe aliijua vyema: timu haikuwa na walinda lango wawili, na kumwita mgeni kulikuwa ni kumpa mgeni nafasi yake. Akampisha. Nimesoma habari nyingi za wachezaji waliogombea nafasi kwa viwiko na fitina; za mtu aliyeitoa yake kwa sababu amemwona amzidiye ni chache mno. Jina la Cattarinich lisisahauliwe, maana litarudi mbele.

Vézina hakuwa na pupa ya kuuacha mji wake, lakini Desemba 1910 alikubali, kwa ujira wa dola 800 kwa msimu. Ili msomaji apime thamani ya fedha hiyo, na ajue kwamba wenye timu walikuwa tayari wamekwisha kuwa wafanyabiashara, yafaa kueleza kwamba msimu ule walikuwa wameafikiana jumla ya mishahara ya timu nzima isizidi dola 5,000, shauri ambalo liliwachukiza wachezaji wakalinung'unikia sana. Mgeni huyu asiyejulikana, basi, alipewa karibu sehemu moja katika sita ya mfuko wote. Alicheza mchezo wake wa kwanza siku ya mwisho ya mwaka, tarehe 31 Desemba 1910, dhidi ya timu ya Ottawa, na Canadiens wakashindwa kwa mabao 5 kwa 3. Mwanzo huo haukuwa na nyota. Lakini msimu ulipokwisha, katika michezo 16 timu yake ilikuwa imeshinda 8 na kushindwa 8, na katika ligi nzima hapakuwa na mlinda lango aliyefungwa mabao machache kuliko yeye.

Kazi aliyoiingia haikuwa kama ilivyo leo. Timu ilikuwa na watu saba barafuni, na mwaka uliofuata ndipo walipopunguzwa wakawa sita. Pasi ya kwenda mbele ilikuwa haramu, hata ikawa wachezaji humwendea mlinda lango wakiteleza na kisahani mbele ya magongo yao, wakimpitia mlinzi mmoja baada ya mwingine, na kumfikia uso kwa uso. Mlinda lango alikatazwa kulala au kupiga magoti ili kuzuia. Akifanya hivyo aliadhibiwa. Na akifanya kosa la kustahili kutolewa, alikwenda mwenyewe kukaa kifungoni kando ya uwanja, na mwenziwe mmoja akashika lango asilolijua. Juu ya miguu alivaa vikinga vya ngozi vilivyojazwa, mkononi alishika gongo lenye kiganja kipana, na usoni hakuvaa kitu. Nasema hakuvaa kitu, kwa kuwa msomaji aweza kudhani pana jambo nimelisahau: macho, meno, pua na paji la uso vilikuwa wazi mbele ya jiwe lile la kombeo usiku baada ya usiku. Mlinda lango wa kwanza kujikinga uso katika ligi kubwa alifanya hivyo mwaka 1930, kwa muda mfupi tu, na desturi yenyewe haikushika mpaka Jacques Plante, wa timu hii hii ya Canadiens, alipoivaa barakoa yake tarehe 1 Novemba 1959, miaka 33 baada ya kufa Vézina.

Frank Boucher, mchezaji mashuhuri aliyepambana naye uwanjani, alimweleza kuwa mtu mwembamba, mweupe wa uso kama asiye na siha, mwenye kofia ya sufu kichwani daima, ambaye alisimama wima langoni na ni nadra sana miguu yake kuacha barafu, na ambaye alizuia mapigo mengi zaidi kwa gongo lake kuliko kwa mkono. Katika maelezo hayo yumo yule kijana wa Chicoutimi aliyesimama kwa viatu vya kawaida. Watazamaji, kwa kuuona utulivu wake wakati wenzake wanapoangushana na kugombana mbele yake, walimpa jina la Tango la Chicoutimi. Kwetu sisi tango ni tunda la kachumbari na halina sifa ya ushujaa. Lakini katika Kiingereza ni mfano wa ubaridi, na mtu akiambiwa ni baridi kama tango maana yake ni kwamba hofu na hasira hazimpandi kichwani. Jina lilimkaa. Yamkini hakuna shujaa mwingine wa michezo aliyefurahia kuitwa jina la mboga.

Mwaka 1916 Canadiens walitwaa Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Washindani wao walikuwa Portland Rosebuds, waliotoka pwani ya magharibi ya Marekani na kuwa timu ya kwanza ya nchi ile kukishindania kikombe hicho. Walicheza michezo mitano Montreal, wakashinda miwili wenyeji wakashinda mitatu, na wa mwisho, wa tarehe 30 Machi, ulikwisha kwa mabao 2 kwa 1. Vézina alipata dola 238 kuwa zawadi yake ya ushindi. Katika siku zile zile mkewe alijifungua mtoto wa pili wa kiume, naye baba, ambaye kinywani mwake maneno yalikuwa machache, alimpa mtoto majina mawili: Marcel Stanley. Hiyo ndiyo hotuba pekee aliyoitoa juu ya ushindi ule, na aliitoa katika daftari la ubatizo.

Tarehe 26 Novemba 1917 wenye timu, baada ya ugomvi wao kwa wao, waliunda ligi mpya, ndiyo NHL ya leo, na michezo yake ya kwanza ikachezwa tarehe 19 Desemba. Canadiens wakawafunga Ottawa mabao 7 kwa 4. Majuma mawili baadaye, tarehe 2 Januari 1918, uwanja wao wa Westmount uliteketea kwa moto. Katika siku hizo hizo za mashaka sheria ya ulinzi ilibadilishwa. Clint Benedict, mlinda lango wa Ottawa, alikuwa ameizoea hila ya kujiangusha barafuni kana kwamba ameteleza, akafanya hivyo mara nyingi hata watazamaji wakamwita mwenye kusali. Na Frank Calder, rais wa ligi, alipoona waamuzi wamechoka kupima nia za moyo, aliamua mwezi huo wa Januari kwamba kuanzia sasa alalaye na alale. Walinda lango wengine wakaipokea ruhusa kwa furaha. Vézina aliendelea kusimama. Mwezi uliofuata, tarehe 18 Februari 1918, Canadiens waliwafunga Toronto mabao 9 bila jawabu, na mlinda lango wa Canadiens akawa wa kwanza katika ligi ile kumaliza mchezo pasipo kufungwa hata bao moja. Na tarehe 28 Desemba mwaka huo huo, Newsy Lalonde alipofunga bao kwa kisahani kilichotoka kwake, akawa mlinda lango wa kwanza wa ligi hiyo kuandikiwa kwamba amesaidia kufunga.

Msimu wa 1919 ulikwisha kwa msiba. Canadiens walisafiri kwa reli kuvuka bara zima hadi Seattle kushindania kikombe, na baada ya michezo mitano, kila upande ukiwa umeshinda miwili na mmoja umekwisha sare, homa kali ya mafua iliyokuwa ikifyeka dunia, nayo ndiyo iliyoshukia hata pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1918, iliwalaza wachezaji kadhaa pamoja na mwenye timu, George Kennedy. Mchezo wa mwisho, uliopangwa tarehe 1 Aprili, ulifutwa. Mlinzi Joe Hall akafia mjini Seattle tarehe 5 Aprili, na kikombe hakikupewa mtu mwaka ule. Kennedy mwenyewe siha yake haikumrudia tena, akafariki mwaka 1921. Ndipo timu ilipouzwa kwa dola 11,000, na wanunuzi walikuwa watatu: Leo Dandurand, Louis Létourneau, na yule Joseph Cattarinich aliyekuwa ametoa nafasi yake miaka 11 nyuma. Mpisha njia amekuwa mwenye nyumba. Na langoni, alipokwenda kutazama mali yake, alimkuta mtu yule yule aliyemweka.

Majira ya joto Vézina aliyatumia Chicoutimi, alikokuwa na kiwanda chake cha kutengeneza ngozi. Katika zama zile mchezaji hakuweza kuishi kwa hoki peke yake, wala hoki haikudai kumiliki mwaka wake mzima. Barafu ilipoyeyuka kila mtu alirudi katika kazi yake, huyu dukani, huyu shambani, huyu relini. Naona ladha katika habari kwamba mtu huyu, ambaye wakati wa baridi alifunga ngozi miguuni ajikinge na mapigo, wakati wa joto alikuwa akizisafisha ngozi kwa mikono yake. Wala isidhaniwe kwamba umri ulimpunguzia ustadi. Katika msimu wa kwanza wa NHL alifungwa mabao 84 kwa michezo 21, na bado hakuna aliyefungwa machache kuliko yeye, kwa kuwa zama zile mabao yalikuwa mengi. Katika msimu wa 1923 na 1924 alifungwa 48 kwa michezo 24. Na katika msimu uliofuata, alipokuwa na umri wa miaka 38, alifungwa 56 tu kwa michezo 30.

Ushindi wa mwaka 1924 ndio kilele cha maisha yake ya kazi. Canadiens waliwatoa Ottawa, wakawatoa Vancouver, kisha wakakutana na Calgary Tigers. Barafu ya Montreal, iliyotegemea baridi ya mbingu, ilikuwa imeanza kulainika kwa majira ya masika, na mchezo wa mwisho ukapelekwa Ottawa kwenye barafu ya mashine, tarehe 25 Machi, ambako walishinda kwa mabao 3 bila jawabu. Katika michezo sita ya kuwania kombe Vézina alifungwa mabao sita, na katika ule wa mwisho hakufungwa. Husimuliwa kwamba wachezaji walipokuwa wakienda nyumbani kwa Dandurand kusherehekea, gari lao lilipata pancha, wakashuka kubadili gurudumu, wakakiweka kikombe kando ya njia, na wakaondoka bila hicho. Waliporudi mbio walikikuta kimekaa pale pale kikiwangoja. Msimulizi wa kisa hiki ni Dandurand, baba wa watoto 22 wa kubuni, basi msomaji na akipokee kwa kadiri ya imani yake.

Msimu wa 1925 ulipoanza, Vézina alikuwa na umri wa miaka 38, na nyuma yake palikuwa na michezo 327 ya ligi na 39 ya kuwania kombe, yote ameicheza pasipo kukosa mmoja. Tuitafakari hesabu hiyo pamoja na uso ulio wazi, safari za treni za usiku, viwanja visivyo na joto, na vidonda ambavyo havikuwa na muda wa kupona. Kuokoa bao moja la ajabu ni bahati ambayo aweza kuipata hata mlinda lango dhaifu. Kuwapo kila siku, kwa miaka 15, si bahati.

Tarehe 28 Novemba 1925 Canadiens walicheza na Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa mpya katika ligi msimu huo. Vézina aliingia langoni na homa ya karibu digrii 39 na maumivu kifuani, asimwambie mtu maneno mengi. Kipindi cha kwanza kilikwisha bila kufungwa. Wakati wa mapumziko alitapika damu. Akarudi langoni kuanza kipindi cha pili, na hapo akaanguka juu ya barafu. Mtu ambaye kwa miaka yote ya kazi alikataa kulala, hata baada ya kulala kuhalalishwa, alilala kwa mara ya kwanza mbele ya watazamaji wake, wakamchukua. Mahali pake pakashikwa na Alphonse Lacroix, aliyekuwa mlinda lango wa Marekani katika Olimpiki ya baridi ya 1924, na Pittsburgh wakashinda kwa bao 1. Kesho yake na siku zilizofuata waganga walitoa hukumu yao, nayo ilikuwa kifua kikuu, maradhi ambayo wakati ule hayakuwa na dawa ya kuyaponya.

Tarehe 3 Desemba alifika kwa mara ya mwisho katika chumba cha kuvalia cha timu. Dandurand, ambaye kwa jambo hili hakutia chumvi, alieleza kwamba alimkuta amekaa katika pembe yake ya siku zote, machozi yakimtiririka, akivitazama viatu na vikinga vyake vilivyokuwa vimepangwa tayari kama kwamba atacheza. Akaomba jambo moja tu, apewe fulana aliyoivaa katika mashindano ya mwisho ya kombe. Kisha akarudi Chicoutimi na mkewe. Timu iliyobaki ilimaliza msimu ikiwa ya mwisho katika ligi. Yeye alifariki katika hospitali ya mji wake tarehe 27 Machi 1926, umri wake miaka 39.

Msimu uliofuata wale matajiri watatu, Dandurand, Létourneau na Cattarinich, walitoa kikombe kwa jina lake, apewe kila mwaka mlinda lango wa timu iliyofungwa mabao machache kuliko zote. Na wa kwanza kukitwaa alikuwa George Hainsworth, aliyerithi lango lile lile, akakitwaa miaka mitatu mfululizo. Hivyo Cattarinich alimpisha Vézina akiwa hai, na alipokufa akamwekea jina lisiloondoka. Mwaka 1945 Vézina alikuwa miongoni mwa wachezaji 12 wa kwanza kuingizwa katika jumba la mashujaa wa hoki, na baadaye uwanja wa barafu wa Chicoutimi ukaitwa kwa jina lake. Tangu msimu wa 1981 na 1982 kikombe hicho hutolewa kwa kura za mameneja wa timu, wala si kwa kuhesabu mabao.

Nakiri kwamba katika shauri hili mimi ni mtu wa zamani. Kura ni maneno, na maneno, kama tulivyoona, yaliweza kumpa mtu watoto 20 ambao hakuwazaa. Hesabu haina ulimi wa kutia chumvi. Watoto walikuwa wawili, vikombe viwili, na michezo ya ligi, kabla ya ule uliomwangusha, 327.